Jibu kwa mwalimu wa Changamwe: Masihi ni Mungu kamili, lakini ushahidi hauko pale unapoutafuta

Swali: Nafundisha darasa la kipaimara huku Changamwe. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na jioni vijana hukaa nao barazani, kisha Jumamosi wananiletea maswali ya huko. Wanaulizwa: ni wapi Yesu alisema "Mimi ni Mungu, niabuduni"? Kama ni Mungu, alikuwa akimwomba nani, na mbona hakuijua siku ya mwisho? Si Konstantino aliyempigia kura ya uungu kule Nikea? Na kama Mungu alikufa msalabani, siku tatu hizo dunia iliachiwa nani? Nimejibu kwa miujiza yake na kwa kuzaliwa na bikira, lakini najibiwa mpaka nakosa la kusema. Nifanyeje, tena bila kuharibu ujirani?

Jibu: Mwalimu, hoja zilizokuangusha ni hizo mbili ulizozitanguliza, na jirani yako ana haki ya kuzikataa. Musa aliipasua bahari. Elisha alimfufua mtoto wa yule mama Mshunami (2 Wafalme 4), na hakuna aliyemwita Mungu. Habari ya bikira, Mwislamu aliyepita madrasa atakwambia Adamu hakuwa na baba wala mama. Kurani inaufanya ulinganisho huo katika sura ya 3, aya ya 59, nayo inakiri kwamba Maryamu alikuwa bikira. Umemletea mwenzako jambo analoliamini tayari, ukatarajia limfikishe mahali ambapo yeye haoni njia ya kufika. Miujiza ina nafasi yake, nasi tutaifikia, ila ikisimama peke yake haithibitishi uungu.

Hata jina "Masihi" halitoshi. Ni mpakwa mafuta, na wafalme na makuhani wa Israeli walipakwa. Isaya 45:1 inamwita Koreshi wa Uajemi masihi wa BWANA, na aya ya 4 inasema wazi kwamba mtu huyo hakumjua BWANA. Hapa Mombasa Wakristo na Waislamu wote tunamwita Yesu Masihi. Tunachotofautiana ni Masihi huyo ni nani. "Mwana wa Mungu" nalo ni hivyo hivyo. Kutoka 4:22 inaliita taifa zima la Israeli mwana, na Zaburi 2:7 inasema hivyo kwa mfalme. Ukirusha jina bila kuonyesha jinsi linavyotumika kwa Yesu, utarudishiwa aya hizo na utakwama.

Kabla ya ushahidi, hakikisha vijana wanajua wanachokidai. Mabishano mengi ya barazani yanapotea hapa, kwa sababu Mkristo anatetea jambo ambalo Kanisa halijawahi kulifundisha. Dai lenyewe ni hili: Mwana wa milele, mwenye uungu ule ule wa Baba, alitwaa ubinadamu kamili kwa Bikira Mariamu, akiwa nafsi moja katika asili mbili. Ukiuliza "Huyu ni nani?" unauliza nafsi, na jibu ni Mwana. Ukiuliza "Ni nini?" unauliza asili, na majibu ni mawili, ni Mungu na ni mtu, na kila moja ni kamili. Hakuna nusu kwa nusu.

Waangalie pia mwelekeo wa tendo. Hatusemi kwamba mtu fulani wa Nazareti alipandishwa cheo akawa Mungu. Paulo wa Samosata alifundisha jambo linalokaribia hilo, na maaskofu waliokutana Antiokia mwaka 268 wakamwondoa katika uaskofu. Tunasema Neno, yaani Mwana, aliyekuwako tangu milele ndiye aliyefanyika mwili (Yohana 1:14). Jirani anapouliza, "Vipi mwanadamu awe Mungu?" vijana waseme bila kusita kwamba nasi hilo hatuliamini. Na anaposikia "Mwana" akafikiria mke na uzazi wa mwili, waseme Kanisa linalikataa wazo hilo kama yeye anavyolikataa. Hayo mawili yanapunguza ubishi kuliko mistari kumi.

Wakataze mifano miwili inayopendwa sana madarasani. Maji, barafu na mvuke inafundisha nafsi moja inayobadilisha sura, na huo ndio uzushi wa Sabellius wa karne ya 3. Yai lenye ganda, ute na kiini inafundisha Mungu mwenye vipande vitatu. Kijana akileta mojawapo, jirani ataivunja kwa dakika moja, tena kwa haki.

Sasa swali la kwanza. Lijibu kwa uwazi: hakuna aya ambamo Yesu anatamka maneno hayo matatu, "Mimi ni Mungu". Usitafute ya kulazimisha. Kwa msikilizaji Myahudi wa wakati ule, jina "Mungu" lilimwendea moja kwa moja yule ambaye Yesu alimwita Baba. Angesema "Mimi ni Mungu" bila kuongeza neno, angeeleweka kwamba yeye ndiye Baba, na hilo si kweli hata kwa imani yetu. Alichofanya ni kutwaa yaliyo ya Mungu peke yake, mbele ya watu waliojua vizuri kwamba ni ya Mungu peke yake. Huko ndiko mahali pa kuchimba.

Anza na Marko 2:1-12, na someni yote kwa sauti. Kafarnaumu, nyumba imejaa mpaka mlangoni hapana nafasi. Watu wanne wanatoboa dari na kumteremsha mwenzao aliyepooza. Kila mtu anangoja aponywe, naye Yesu anamwambia, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Waandishi walioketi pale wanawaza moyoni, "Anakufuru. Ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu?" Hapo wasimamishe vijana waulize: je, waandishi wamekosea kanuni? Hawakukosea. Mtu akikuibia, mimi siwezi kumsamehe kwa niaba yako. Na dhambi yoyote, hata iliyotendwa kwa jirani, mwenye kukosewa juu ya wote ni Mungu. Yesu haikanushi kanuni yao. Anasema, "mpate kujua ya kwamba Mwana wa Adamu anayo amri duniani ya kusamehe dhambi," kisha anamwinua yule mtu. Sasa muujiza umepata kazi yake, kwa kuwa unathibitisha neno lililosemwa kabla yake.

Jirani mwenye kusoma ataleta mambo mawili. La kwanza ni Nathani, aliyemwambia Daudi kwamba dhambi yake imeondolewa. Fungua 2 Samweli 12:13: Nathani anasema BWANA ndiye aliyeiondoa. Anapeleka habari, kama nabii yeyote. La pili ni Mathayo 9:8, ambapo makutano wanamtukuza Mungu aliyewapa watu amri ya namna hiyo. Hoja hii ni nzuri na isidharauliwe. Makutano walielewa walivyoelewa, na Mathayo anaripoti. Lakini ukweli ni kwamba Marko 2 ikisomwa peke yake inaacha mlango nusu wazi. Ndiyo maana hamtaishia hapo.

Nendeni Marko 14:61-64. Kuhani mkuu anamuuliza kama yeye ndiye Kristo. Anajibu, "Mimi ndiye, nanyi mtamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa nguvu, akija na mawingu ya mbinguni." Kuhani anararua mavazi yake na kutamka kwamba Yesu amekufuru. Kwa nini? Jibu hilo limeunganisha Zaburi 110:1, ambapo Bwana wa Daudi anaketi mkono wa kuume wa Mungu, na Danieli 7:13-14, ambapo mmoja mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu na mataifa yote yanamtumikia katika ufalme usiopita. Katika Agano la Kale anayepanda mawingu ni Mungu mwenyewe (Zaburi 104:3, Isaya 19:1). Mtu aliyefungwa kamba anamwambia jaji wake kwamba ataketi kwenye kiti kile. Kuhani mkuu aliisikia vizuri, na hukumu ya kifo ikatoka humo.

Kwa lile neno "niabuduni", aya iliyo karibu zaidi ni Yohana 5:23: "ili watu wote wamheshimu Mwana kama vile wanavyomheshimu Baba." Hebu fikiria nabii mwingine akitamka sentensi hiyo juu yake mwenyewe! Kisha soma Yohana 20:28, Tomaso anapomwambia, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Wapo wanaosema huo ni mshangao tu, lakini Yohana ameandika "akamwambia", na Yesu anaipokea imani hiyo katika aya inayofuata. Linganisha na Petro mbele ya Kornelio, "Simama, mimi nami ni mwanadamu" (Matendo 10:26), na Paulo na Barnaba waliorarua nguo zao kule Listra (Matendo 14:14), na malaika wa Ufunuo 22:9 anayemkataza Yohana, "Msujudie Mungu." Katika kitabu hicho hicho cha Ufunuo, sura ya 5, Mwana-Kondoo anapokea sifa ya kila kiumbe pamoja na aketiye katika kiti cha enzi, na hakuna anayekatazwa. Tahadhari moja: usitegemee kila mahali penye neno "kusujudu". Watu walisujudia wafalme pia, kwa hiyo mamajusi wa Mathayo 2 au mwenye ukoma wa Mathayo 8 si msingi imara.

Zoezi ambalo ningeomba usiliruke linahitaji karatasi na kalamu za rangi mbili. Juu ya karatasi kijana aandike Kumbukumbu la Torati 6:4, shahada ya Israeli: "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Chini yake aandike 1 Wakorintho 8:6: "lakini kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba, ambaye vitu vyote vimetoka kwake, nasi tunaishi kwake, yuko na Bwana mmoja Yesu Kristo, ambaye kwake vitu vyote vimekuwapo, na sisi kwa yeye huyo." Apigie mstari "Mungu" kwa rangi moja na "Bwana" kwa nyingine, juu na chini, kisha auzungushie duara kila "mmoja". Ataona kwa macho yake kwamba Paulo ameichukua ile ile shahada ya umoja, akamweka Baba katika neno "Mungu" na Yesu katika neno "Bwana", na "mmoja" likabaki kwa wote wawili. Hajaongeza mungu wa pili pembeni, maana aya ya 4 na ya 5 zinapinga miungu mingi waziwazi. Na tazama vitu vyote: vimetoka kwa Baba, vimekuwapo kwa Yesu. Kuumba ni kwa Mungu peke yake, na Yesu yuko upande wa Muumba.

Paulo, Myahudi aliyelelewa Ufarisayo, aliyaandika hayo kama mwaka 55, miaka isiyozidi 25 hivi baada ya msalaba, na anayaandika kama jambo ambalo wasomaji wanalijua. Habishani nao juu yake. Anazungumzia nyama za sadaka! Wafilipi 2:10-11 inafanya vivyo hivyo na Isaya 45:23. Sura hiyo ya Isaya ni kati ya zinazosisitiza mno kwamba hakuna Mungu mwingine, na ndani yake BWANA anasema kila goti litapigwa mbele zake. Paulo analiweka goti hilo mbele ya jina la Yesu, "kwa utukufu wa Mungu Baba."

Zipo aya ambazo vijana wasizitumie, hata kama zinatamkwa kwa sauti kubwa kwenye mihadhara. Maneno ya "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja" katika 1 Yohana 5 hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Yaliingia baadaye kutoka upande wa Kilatini. Jirani akilijua hilo nawe hulijui, umepoteza heshima ya jioni nzima. 1 Timotheo 3:16 na Matendo 20:28 zinatofautiana kati ya nakala na nakala, basi ziachwe kwa darasa la wakubwa. Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja," isomwe kuanzia aya ya 27 mpaka ya 33, isinukuliwe peke yake, kwa sababu Yohana 17:22 inatumia lugha ya umoja kwa wanafunzi pia. Nguvu yake iko kwenye mkono: hakuna awezaye kuwapokonya kondoo mkononi mwa Yesu, na hakuna awezaye kuwapokonya mkononi mwa Baba, kwa uwezo ule ule. Wasikilizaji wakaokota mawe.

Ikitokea mwulizaji ni wa Mashahidi wa Yehova, swali linageuka: wao wanakubali Yesu alikuwako kabla ya dunia, lakini kama kiumbe cha kwanza. Watakuonyesha Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote." Jibu liko Zaburi 89:27, ambapo Mungu anamfanya Daudi mzaliwa wa kwanza, na Daudi alikuwa kitinda mimba kwa Yese, ni cheo cha mrithi. Kisha soma aya ya 16 na uangalie kama tafsiri iliyo mkononi mwao imeandika "vitu vingine vyote". Hilo "vingine" halimo katika Kigiriki.

Swali la pili, alikuwa akimwomba nani? Alimwomba Baba. Swali hili linamwumiza yule tu anayefundisha kwamba Yesu na Baba ni nafsi moja, na kwa bahati mbaya mahubiri yetu mengi yanaliacha likasikika hivyo. Mwana si Baba. Katika ubinadamu wake kamili aliomba, kwa kuwa mtu kamili huomba, tena akiwa Mwana anayezungumza na Baba aliyempenda tangu milele.

Kwa aya zote za unyonge, Augustine wa Hippo alitoa kanuni ya usomaji ambayo haijapitwa, nayo ameitoa katika Wafilipi 2:6-7: yako maneno yanayomhusu Kristo katika "namna ya Mungu", na yako yanayomhusu katika "namna ya mtumwa". Kuona njaa, kuchoka kisimani, kulia, kutojua saa (Marko 13:32), yote ni ya namna ya mtumwa. "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28) wengi wa mababa wa Kanisa waliisoma hivyo pia, na wengine wakasema Baba ni mkuu kwa kuwa ndiye chanzo, Mwana anatoka kwake, bila tofauti ya uungu. Usomaji wote wawili unakubalika.

Marko 13:32 ni ngumu, na vijana wasijifanye ni nyepesi. Waseme: akili yake ya kibinadamu ilikuwa akili ya kweli, ilikua kama Luka 2:52 inavyosema, na haikubeba kila kitu kwa wakati mmoja. Apollinaris, karne ya 4, alitaka kulikwepa tatizo hili kwa kusema Neno lilichukua nafasi ya akili ya binadamu ndani ya Yesu. Kanisa lilimkataa. Gregory wa Nazianzo akamjibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa: kama hakutwaa akili yetu, akili yetu haijaokolewa. Hivyo kutojua kwake ni sehemu ya tunachokiamini. Lakini waisome aya hiyo tena, waone ngazi yake ilivyopangwa: watu, malaika, Mwana, Baba. Hata anapokiri kutojua anasimama juu ya malaika.

Kosa linalosikika mimbarani ni kusema kwamba alipokuja duniani "aliuvua uungu akauacha mbinguni". Wafilipi 2:7 inaeleza yenyewe jinsi alivyojishusha: "akatwaa namna ya mtumwa." Alijishusha kwa kutwaa, na hakuacha alichokuwa nacho. Angeuacha uungu, Wakolosai 2:9 isingesema kwamba "katika yeye unakaa utimilifu wote wa Uungu, kwa jinsi ya kimwili."

Habari ya Konstantino, hapa tarehe ndizo zinazosema. Kama mwaka 112 Plinius, liwali wa Kirumi wa Bithinia, alimwandikia kaisari Trajan kwamba Wakristo aliowahoji hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Plinius hakuwa Mkristo, alikuwa akiwaua. Ignatius wa Antiokia, miaka hiyo hiyo, anaandika "Mungu wetu, Yesu Kristo". Nakala ya mafunjo inayoitwa P46, ya karibu mwaka 200, ina barua za Paulo zikiwamo zile tulizozisoma juu, na Wafilipi 2 imo. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikuwa mwaka 325. Haukuwa na kazi ya kuchagua vitabu vya Biblia pia, ingawa uvumi huo unazunguka sana kwenye simu za vijana.

Na kilichobishaniwa Nikea hakikuwa kama Yesu ni Mungu au ni nabii tu. Arius, padri wa Aleksandria, alikubali kwamba Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu na alikubali kumwita Mungu, ila alisema Mwana ameumbwa, na kwamba palikuwa na wakati ambapo hakuwako. Maaskofu, wengi wao waliopitia mateso ya miaka michache nyuma, walijibu kwa maneno tunayokiri kila Jumapili: "Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Waliogoma mpaka mwisho pamoja na Arius walikuwa maaskofu wawili. Kama ni nguvu ya serikali, itazame ilikoelekea baadaye: Konstantino alibatizwa mwaka 337, karibu na kufa, na Eusebius wa Nikomedia, rafiki wa Arius, Constantius, mwana wa Konstantino, alilibana Kanisa kwa miaka mingi lilegeze maneno ya Nikea, na Athanasius, mtetezi mkuu wa Nikea, alifukuzwa jimboni mwake mara tano. Imani hiyo ilidumu makaisari wakiisukuma upande mwingine.

Hoja ya Athanasius yenyewe ichukue uende nayo barazani, kwa sababu inamheshimu jirani. Alisema kama Mwana ni kiumbe, basi Wakristo wanaomwabudu wanaabudu kiumbe, na huko ni kuabudu sanamu. Jirani yako angeita shirki, na kwa masharti hayo angekuwa sahihi kabisa. Hakuna njia ya katikati ya kumwabudu Yesu kidogo. Ama yuko upande wa Muumba, au magoti yetu yanapigwa mahali pasipostahili. Kijana anayelielewa hilo hataona tena hofu ya jirani kama uadui. Ataona kwamba wote wawili wanalinda umoja wa Mungu, ambao Yesu mwenyewe aliukiri katika Marko 12:29.

Kuhusu namna ya kukaa, usifanye mashindano. Saa moja inatosha, na sehemu tatu za Maandiko zinatosha: Marko 2, Marko 14, na ile karatasi ya rangi mbili. Someni sura kwa mfululizo kutoka Biblia moja, msirukeruke. Mgeni aulize hadi amalize, kijana arudie swali kwa maneno yake, na jirani athibitishe kwamba ndilo alilouliza. Nusu ya ugomvi huisha hapo. Anayebanwa na swali aseme atalileta kikao kijacho, kisha alilete kweli. Wasiwe na haja ya kuichambua Kurani; waliyo nayo ya kueleza ni Injili, na hiyo ndiyo waliyoulizwa.

Limebaki la msalaba. Kufa si kukoma kuwako. Hata jirani yako anaamini roho ya marehemu ipo. Uungu haufi, haukuzikwa, wala haukupungua. Aliyekufa ni Mwana, katika ubinadamu aliotwaa, roho yake ya kibinadamu ikiachana na mwili. Paulo anathubutu kusema waliosulibisha walimsulibisha "Bwana wa utukufu" (1 Wakorintho 2:8), kwa sababu tendo ni la nafsi, na nafsi ni moja. Kwa kanuni hiyo hiyo mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulimpinga askofu Nestorius na kumwita Mariamu Mama wa Mungu, jina alilolikataa: mama humzaa mtu, hazai asili, na aliyezaliwa na Mariamu ni Mwana wa Mungu. Dunia nayo siku tatu zile ilishikwa na aliyeishika siku zote. Athanasius alieleza kwamba Neno halikufungiwa ndani ya mwili. Akiwa horini Bethlehemu, akiwa msalabani, akiwa kaburini kwa mwili wake, alikuwa pamoja na Baba na Roho akivishikilia vyote.

Vijana watauliza kwa nini basi ilimpasa kufa. Waandike daftarini Waebrania 2:14, kwamba kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye alishiriki yayo hayo, ili kwa njia ya mauti amharibu mwenye nguvu za mauti. Kisha wasome mpaka aya ya 18, na somo la Jumamosi inayofuata lianzie hapo.